Niambie Leo Dagaa Wameanikwa Wapi

Swali la wiki iliyopita lilituuliza wanafunzi tulioacha wenza wetu mbali: tunaishije peke yetu chuoni bila upweke kutumaliza? Nimesoma majibu mliyochapa. Karibu yote yanashauri kitu kimoja, kwamba mtu ajishughulishe: asome sana, aende mazoezini, ajiunge na kwaya, ajichanganye na wenzake mpaka akirudi chumbani awe hoi, usingizi umchukue. Naomba nijibu tofauti, tena kwa urefu, maana jambo hili ninaishi nalo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nimefundisha Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria, miaka kadhaa nikiwa na cheti, kisha nikapata ruhusa ya masomo nikaja Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) kusomea shahada ya elimu. Mke wangu amebaki kisiwani na biashara yake ya dagaa. Hapa nimepanga chumba kimoja Ng'ong'ona, jirani na chuo. Wapangaji wenzangu ni vijana wa miaka ishirini na kitu ambao huniita mzee, na jioni wakiwa na kelele zao uani mimi niko ndani na jiko langu la gesi, sahani moja, kikombe kimoja.

Wenzetu wa Dar es Salaam wamepata nafuu. Tangu treni ya umeme ianze safari za Dodoma Julai 2024, kijana anamaliza kipindi cha mwisho Ijumaa mchana na usiku yuko kwa mchumba wake. Njia yangu mimi inaelekea upande wa pili: basi la kwenda Mwanza kupitia Singida, Nzega na Shinyanga, karibu kilomita 700, halafu meli ya Nansio, bandari ya Ukerewe, ambayo nayo ni saa tatu na zaidi majini. Tangu 2023 mabasi yaruhusiwe kutembea usiku mtu anaweza kulala njiani akaokoa mchana, lakini nauli ni ile ile na kipindi cha Jumatatu asubuhi hakimsubiri mtu. Reli mpya ya upande wetu, kipande cha Mwanza hadi Isaka, ilianza kujengwa 2021 na bado tunaisubiri. Kwa hiyo mtu akiniambia "nenda ukamwone", kwangu hayo ni maneno ya likizo.

Sasa hilo la kujishughulisha. Linasaidia kusogeza saa, sikatai. Nimemaliza wiki nzima maktaba, nimetembea kwa miguu kutoka ndaki moja hadi nyingine (anayeijua UDOM anajua vilima vile na upepo ule wa Juni), na nikirudi nalala kweli. Lakini nikiamka mke wangu yuko mbali vile vile, tena mbali zaidi, kwa sababu wiki hiyo yote sikujua kilichompata. Hapo ndipo penye maumivu. Kumkumbuka mke ni jambo zuri, na hakuna sababu ya kulitafutia dawa. Kinachoumiza ni kufika mahali hujui tena siku yake inakwendaje: ameamka saa ngapi, amegombana na nani, nani amemchekesha, pesa ya wiki imetosha au haikutosha. Mkiishi pamoja hayo yote unayajua bila kuuliza. Mkitengana yanakatika, na hakuna anayeona yanapokatika, kwa kuwa simu bado zinapigwa.

Simu zenyewe kila mwanafunzi anazijua. Umeshindaje? Salama. Umekula? Nimekula. Huko mvua? Hamna. Nimekukumbuka. Na mimi pia. Halafu kimya, bando linakwenda, kila mmoja anatafuta la kusema. Watu wanapendana kabisa, na hawana habari za kupeana. Mke wangu ndiye aliyelikataa hilo. Usiku mmoja aliniambia, "Baba, kwamba umenikumbuka najua. Niambie leo darasani ulikaa karibu na nani." Nikamwambia. Akauliza huyo anatoka wapi, amevaaje, anasoma vizuri? Tukaongea mpaka simu ikapata moto. Tangu hapo tumekuwa watu wa habari ndogo ndogo, na hilo ndilo jibu langu kwa swali lenu. Yanayofuata ni maelezo tu.

Yeye hunitumia ujumbe wa sauti alfajiri akiwa mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inapoleta samaki. Hapigi simu, maana mikono inanuka samaki na ana haraka. Anabonyeza tu na kuiweka simu kwenye mfuko wa gauni huku akifanya kazi. Nasikia mitumbwi ikisukumwa, wanawake wakipigania bei ya ndoo, yeye akimwambia mtu asimwage dagaa mahali penye mchanga, wamwagwe juu ya chanja, kwa sababu dagaa wa mchanga wanunuzi wa soko la Kirumba Mwaloni, Mwanza, huwashusha bei. Nasikia anavyowageuza, ile sauti ya kukwaruza. Nikisikia ananyamaza ghafla kisha anasema "ee Mungu wangu", najua wingu limetanda. Dagaa wabichi wakinyeshewa kabla hawajakauka mtaji umekwenda. Siku kama hiyo simpigii kumuuliza kama ananipenda. Nauliza maturubai yalitosha?

Na kuna mwezi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, wavuvi wakiwasha taa juu ya maji, zamani karabai na sasa taa za sola, samaki wakaifuata nuru. Mbalamwezi ikiwa kubwa taa hazina kazi, mitumbwi inapumzika siku kadhaa na nyavu zinashonwa. Basi mimi hapa Dodoma, kwenye nchi kavu isiyo na ziwa, ninapanga masomo yangu kwa mwezi. Kazi za kuandika zenye kurasa nyingi nazisukuma wakati wa giza, maana mke wangu hana nafasi, anaamka saa tisa usiku na saa mbili jioni amekwisha lala. Mwezi ukijaa najua ana jioni, nami nahakikisha nina jioni. Wanafunzi wenzangu wana ratiba ya chuo peke yake. Mimi nina mbili, na hii ya pili ndiyo inayonifanya nijisikie bado ni mtu wa nyumbani kwangu.

Habari zinatoka pia upande wangu, na hapa ningependa wasomaji wanielewe vizuri, kwa sababu wanafunzi wengi hudhani mwenzi aliyebaki nyumbani hana haja na mambo ya darasani. Tulipokuwa tunasoma saikolojia ya elimu, nilimsimulia jaribio maarufu la Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi. Mtoto anaonyeshwa glasi mbili zenye maji sawasawa. Ya moja yanamiminwa kwenye glasi nyembamba na ndefu, kisha anaulizwa wapi maji ni mengi. Watoto wengi wa chini ya miaka saba hivi huonyesha ile ndefu. Mke wangu alisikiliza mpaka mwisho akasema, "Hao hawajalelewa mwaloni." Kesho yake akamwita mtoto wa jirani, wa miaka mitano, akamwaga dagaa wa ndoo kwenye beseni pana mbele yake akamuuliza kama wameongezeka au wamepungua. Mtoto akamjibu, "Ni wale wale, umewahamisha tu." Alinirekodia. Nililipeleka hilo kwenye semina, nikasema tu kwamba liko jambo limeonwa kisiwani kwetu, na mhadhiri hakulipuuza. Alitueleza utafiti wa Mexico uliochapishwa 1969, kwamba watoto wa wafinyanzi, kwa kuushika udongo kila siku, walitambua mapema kuliko wenzao kuwa udongo haupungui kwa kubadilishwa umbo. Mtoto mmoja wa Ukerewe si utafiti, najua. Lakini usiku ule nilipompigia mke wangu kumwambia jibu lake limejadiliwa chuoni nusu saa, furaha yake ilinikaa wiki nzima. Mpaka leo akiona mtoto anafanya jambo la kushangaza ananiuliza, "Hili Piaget alilionaje?"

Nije kwenye jambo lililonichoma. Mwaka wa kwanza, wiki ya mitihani, mke wangu aliugua malaria akalazwa. Ndugu zangu wakakubaliana nisiambiwe, nisije nikafeli. Dada yangu akawa anajibu ujumbe kwa simu ya wifi yake: yuko mwaloni, amelala, atakupigia. Nilipata habari kwa mwalimu mwenzangu wa kule aliyenipigia kwa wema tu kuniambia pole na mgonjwa. Nikamuuliza, mgonjwa gani? Akanyamaza, nami nikajua.

Nia yao ilikuwa njema, na najua familia nyingi hufanya hivyo hivyo. Nawaomba muache. Mtihani nilikuwa nimebakiza mmoja, na hata ungekuwa wa kurudia, supu, yaani mtihani wa marudio, hufanywa ikaisha. Lakini mtu akishafichwa mara moja, kila "salama" anayoambiwa baadaye anaitilia shaka, na huo ndio upweke wenyewe: uko kwenye simu na mtu wako, unamsikia, na hujui kama unachosikia ni kweli. Ilituchukua muda kulirekebisha. Tulikubaliana kwamba hakuna kufichana, ugonjwa wala deni, na kwamba anayeambiwa halazimiki kupanda basi. Mara nyingine anayeambiwa atakaa alipo, atamwomba Mungu, atatuma fedha ya dawa na kusubiri. Hayo ni mazito, lakini mtu mzima anaweza kuyabeba.

Kuna kijana jirani yangu ambaye mpenzi wake anasoma Iringa. Jioni anakaa kwenye kimbweta mbele ya darasa, daftari limefunguliwa ukurasa ule ule, anaangalia simu kama msichana yuko hewani, na kama yuko hewani mbona hajajibu. Akiona tiki mbili za bluu na kimya anashindwa hata kula. Nilikaa naye nikamuuliza huyo binti Alhamisi huwa na vipindi gani. Hakujua. Anakaa na nani chumbani? Hakujua. Ana somo gani linalomsumbua? Hakujua pia. Niliona huruma, kwa sababu nafasi yote hiyo asiyoijua alikuwa ameijaza na wanaume wa kufikirika. Wivu wa mbali naona unazaliwa hapo zaidi kuliko kwenye usaliti wenyewe.

Na usaliti upo, tusizungukane. Hapa chuoni wapo watu wazima wenye ndoa zao waliotafuta mwenza wa kipindi cha masomo, wanapika pamoja, wanalala pamoja, semista ikiisha kila mmoja na begi lake. Wenzao wanawachekea na kuwaita wajanja. Mimi sicheki. Nyuma ya kila mmoja wao yuko mtu sehemu fulani anayeuza kitu ili ada itimie, na huyo hana wa kumpikia. Kwa vijana wasio na ndoa siwezi kuwasemea sana, ila wenye ndoa tunajua tulichoahidi.

Wanaume hasa tunalo tatizo la ziada: tumelelewa kuona aibu kusema tumemkumbuka mke. Nikisema mbele ya wenzangu hunijibu kwa utani, "mzee, utazoea". Sitaki kuzoea. Mtu aliyezoea kukaa bila mke wake akirudi atakaa naye kama mgeni.

Kuhusu kurudi, jambo la mwisho. Mwanafunzi akiondoka huamini nyumba imesimama inamsubiri kama alivyoiacha. Niliporudi likizo ya kwanza nilikuta kitanda kimehamishiwa ukuta wa pili, bawaba za mlango zimebadilishwa, stoo imegawanywa nusu ya dagaa na nusu ya mahindi, na mke wangu ni mweka hazina wa VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa, ya wanawake ishirini, watu wanabisha hodi kumtafuta yeye. Yote hayo nilikuwa nimekwisha simuliwa, moja moja, kwa sauti zile za alfajiri. Niliingia nikajua kitanda kiko wapi. Nilijua kwa nini mama wa nyumba ya tatu hatusalimii na kwamba deni lake limebaki awamu mbili. Jirani mmoja alishangaa akaniuliza, kumbe ulikuwapo? Mke wangu akamjibu kabla yangu, "Alikuwapo," kisha akanituma dukani kununua chumvi.

Msomaji, Ng'ong'ona, Dodoma