Kumfelisha mwanafunzi wa fildi: msimwache supavaiza na muhali peke yake

Nyinyi mliopewa wanafunzi wa ustawi wa jamii kwa mara ya kwanza mwaka huu, na zaidi wakuu wenu, nasema hili kwa sababu mie hakuna aliyeniambia. Kumfundisha kijana si taabu, taabu ni ile siku unajua kabisa huyu hawezi na fomu ya chuo iko mezani inasubiri alama, na muhali umekushika, ile haya ya kumkatalia mtu mnayejuana nae.

Wangu wa kwanza alikuwa hawezi na nikampasisha. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya 2011 anaijua kifungu kwa kifungu, darasani mtu wa A, lakini mtume nyumbani kwa watu uone. Nilimtuma kwa bibi mmoja huku Wete, Pemba, miaka 70 keshaipita zamani na pencheni jamii, ile ya serikali kwa wazee, hajaanza kupata, nikamwambia katizame, ana kitambulisho au hana, anaishi na nani, anapikiwa na nani. Kesho yake kaleta ripoti kurasa mbili, safi, "nyumba ya bati vyumba vitatu". Nyumba ile naijua mie, ya makuti, chumba kimoja na ukumbi. Nikampigia sheha, kiongozi wa mtaa ule, akacheka, "huyo kijana wenu huku hajafika, angefika ningemuona". Kumuuliza mwenyewe, ati mvua ilikuwa kubwa.

Utasema basi si umfelishe tu. Pemba hii? Mjomba wake tunasali safu moja. Mama yake akaja kwangu magharibi na kikapu cha shokishoki, alama hakuzitaja hata mara moja, kakaa na mke wangu wakazungumza mambo ya harusi akenda zake. Na bosi wangu wa wakati ule akaniambia si umsaidie kidogo, keshasoma miaka mitatu huyo. Nikasaini.

Na sisi ndo tunaozunguka mashehia kuwaambia watu rushwa na muhali vinaua kesi za udhalilishaji, wazee wanasuluhishana na mtoto keshaharibiwa, halafu muhali uleule ukija ofisini tunauita huruma.

Wala si kwetu tu. Uskochi kuna mtafiti, Kathleen Duffy, 2003 aliandika kuhusu wanafunzi wa uuguzi, akakuta wasimamizi wanawapitisha watu ambao wana mashaka nao, na sababu mojawapo ni kuchelewa kusema. Hapo ndo nilipokosea na mie, niliweka moyoni mpaka wiki ya mwisho, na wiki ya mwisho hakuna unaloweza kufanya isipokuwa kuonekana una roho mbaya.

Wa pili alikuwa binti. Wiki ya pili tu nishaona, anamuuliza mama swali la unyumba mbele ya mkwewe. Nikamwambia siku ileile, nikaandika kwenye daftari tarehe na alilofanya (si "hana uwezo", andika alichofanya), nikampigia mwalimu wake wa chuo kabla hajaja kukagua, na nikamwomba mwenzangu naye atoke nae siku mbili maana labda tatizo ni mie. Haikuwa mie. Akapewa nafasi ya kujirekebisha, kwa maandishi, haikusaidia.

Siku ya kumwambia, mkuu mpya akakaa pale mezani. Hakusema mengi, alisema tu "alama hizi ni za ofisi, si za huyu bwana". Binti alilia sana na mie nilikuwa karibu kulia. Mama yake alipokuja, alielekezwa ofisini kwa mkuu, kwangu hakufika, na mkuu ndo aliyemweleza kuwa fildi inarudiwa, si mwisho wa masomo.

Wakuu, hilo ndo tunalotaka kwenu, si semina. Usiku ule chakula hakikupita, simu ikalia saa nne, ni mkuu, anauliza nimekula nini.