Lugha au fasihi? Jibu kwa mwalimu wa Wete

Waalaykumu salaam, mdogo wangu. Unasomesha Kiingereza sekondari hapo Wete, unataka shahada ya uzamili, na umekwama: ushike lugha au fasihi?

Lugha unayo darasani tayari. Mtoto anapoandika habari za mama yake kisha akamwita “he”, usimwone mvivu. “Yeye” yetu haibagui mke na mume, basi anaileta ilivyo. Kusanya madaftari ya insha ya darasa moja tu, hesabu makosa ya namna hiyo, utazame yanatokea wapi zaidi. Hapo pana tasnifu, na hukununua hata kitabu.

Fasihi ina utamu wake, lakini nadharia zake zitakutoa jasho. Ukiichagua, mtazame Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, aliyepata Nobeli ya fasihi mwaka 2021. Katika riwaya yake Paradise ya 1994, kijana Yusuf anatolewa kwa tajiri kwa sababu ya deni la baba yake, na tajiri huyo Yusuf anamwita “Uncle”, yaani “ami”, ingawa si ndugu wa baba yake. Mzungu ataeleza neno hilo kwa tanbihi. Wewe umelisikia barazani tangu utotoni.

Mimi nilitaka kuandika juu ya Shakespeare na Afrika. Afrika nzima! Msimamizi alinirudishia karatasi imejaa wino mwekundu, nikapoteza muhula.

Kwa hivyo kabla ya kulipa ada, uliza nani atakusimamia na yeye anatafiti nini. Ningekuwa wewe, ningeanza na yale madaftari.