Kuuza katamarani iliyotelekezwa stoo: karatasi kwanza, sabuni baadaye

Ndugu yangu, umeuliza ufanyeje na katamarani ya matanga (chombo cha mitumbwi miwili iliyounganishwa) ambayo tajiri wako Mwitaliano aliiacha stoo huko Watamu, pwani ya Kenya, miaka sita iliyopita, na sasa amekupigia simu: uza, toa chako, nitumie kinachobaki. Wenzangu hapo juu wamekushauri uioshe, uipige picha na kuitangaza. Mimi nakusihi usiguse hata ndoo ya maji kwanza. Niliwahi kuuza Hobie 16, aina ya katamarani ndogo ya ufukweni, iliyoachwa hivyo hivyo Mtwapa, na nilikosea palepale mwanzoni.

Ilikuwa ya mwajiri wangu wa zamani, mtu aliyenifundisha kushika kana, yaani mkono wa usukani. Aliporudi kwao akiwa mgonjwa aliiweka kwenye yadi, akalipa miezi michache, kisha kimya. Baadaye akaniagiza kwa simu, kama wewe. Nilipata mnunuzi ndani ya wiki mbili, akanipa arubuni ya shilingi 60,000. Siku tulipofika na trela kuichukua, mzee wa yadi alituitikia salamu, akafungua daftari lake la jalada jeusi, akaligeuzia kwangu. Miaka minne ya ada ya kuhifadhi haijalipwa. Chombo hakitoki. Alikuwa na haki kabisa. Mnunuzi alitaka pesa zake siku ileile, nami nusu yake nilikuwa nimeshanunulia kamba na rangi. Nilikopa kwa shemeji ili nimrudishie.

Kwa hiyo karatasi. Simu haitoshi. Mwombe tajiri wako barua iliyotiwa saini, pamoja na nakala ya pasipoti yake, ikitaja chombo chenyewe, bei ya chini anayokubali na fungu lako ni asilimia ngapi. Barua itaje pia namba ya chombo. Kama ni cha kiwanda cha Marekani, tazama shetri, yaani sehemu ya nyuma ya chombo, upande wa kulia: utaona herufi na tarakimu 12, na zile za mwisho zinakuonyesha mwaka. Kisha muulize kiliingiaje nchini. Vyombo vingi vya wageni huingia kwa kibali cha muda bila kulipiwa ushuru, na siku kinapouzwa kwa mtu wa hapa, ushuru huo unadaiwa. Ongea na wakala wa forodha kabla hujamtajia mtu bei yoyote. Uliza pia kama kiliwahi kuandikishwa kwa Mamlaka ya Bahari ya Kenya, maana mnunuzi makini atauliza.

Halafu deni la stoo. Nenda mwenyewe, tena kwa heshima, uombe hesabu kwa maandishi. Mzee yule wa Mtwapa hakuitaka ile mashua hata kidogo. Alichotaka ni nafasi yake irudi. Tulipokaa chini alikubali nusu ya deni, alipwe siku ya mauzo, kutoka mkononi mwa mnunuzi, mbele yangu. Tukaandika, tukatia saini wote. Usichelewe hapo, kwa sababu Kenya ina Sheria ya Bidhaa Zisizochukuliwa, Sura ya 38, inayompa mwenye stoo njia ya kuuza mali iliyokaa bila kuchukuliwa, kwa kutoa ilani kwanza. Fungua Gazeti Rasmi la Serikali wiki yoyote, utakuta ilani za magari ya gereji kwa sheria hiyo. Hakikisha ya kwenu haijatangazwa tayari. Na yule mchangiaji aliyesema ujimilikishe tu kwa kuwa "imetupwa", tafadhali usimsikilize. Ina mwenyewe, na mwenyewe yu hai.

Sasa shika sabuni. Kama yako nayo ni Hobie 16, kuna mahali pamoja patakapoamua bei: sehemu ya juu ya kila mtumbwi, mbele kidogo ya mhimili unaobeba mlingoti. Mitumbwi ile imejengwa kwa povu gumu katikati ya matabaka mawili ya faiba. Maji na jua vikishayaachanisha, panalegea. Kandamiza kwa dole gumba, hatua kwa hatua, kisha gonga kwa sarafu ya shilingi kumi. Palipo pazima panalia kavu, ko, ko. Palipokufa mlio unazama, kama unagonga boksi la karatasi. Yangu ilikuwa na doa la ukubwa wa kiganja kwenye mtumbwi wa kushoto. Tulitoboa vitundu vidogo tukasukumia gundi ya epoksi kwa bomba la sindano, pakakaza. Likifika urefu wa mkono, mwambie mnunuzi mapema na ushushe bei.

Geuza na chini. Chombo hiki hakina mkuku, ule uti wa chini wa mashua, watu hukipandisha mchangani moja kwa moja, na mchanga hula faiba karibu na shetri mpaka unaona nyuzi. Kwa kutafuta vitundu, paka povu la sabuni kwenye maungio, uweke mdomo kwenye tundu la kutolea maji na kupuliza kwa pumzi yako. Usithubutu kutumia kompresa ya gereji, itapasua mtumbwi.

Waya za mlingoti zipitishie pamba, itanasa penye uzi uliokatika. Mimi nisingemuuzia mtu waya zilizokaa miaka sita kwenye hewa ya chumvi. Badilisha, ni nafuu kuliko mlingoti kuangukia kichwa cha mtoto wa watu. Trampolini, kile kitambaa cha kukalia kati ya mitumbwi, ikwaruze mshono kwa ukucha. Uzi ukikatika, imekwisha, hata kama kitambaa kinang'aa.

Ukiusimamisha mlingoti kwa ajili ya picha, angalia juu kwanza. Una urefu wa karibu mita 8, ni wa alumini, na huko Watamu nyaya za umeme zinapita juu ya njia nyingi za ufukweni. Duniani watu wamekufa hivyo, ndiyo maana baadaye kiwanda kikaanza kuweka ncha ya faiba, isiyopitisha umeme.

Bei usiipime kwa ile ya chombo kipya. Mnunuzi atakata kwenye bei gharama ya tanga, trampolini na waya mpya, na vipuri hivyo vinatoka ng'ambo, vina nauli na ushuru. Nilianza na 450,000, nikauza 310,000, na sijutii. Aliyenunua ni jamaa wa michezo ya maji hotelini, na aliamua siku nilipompeleka majini ndani ya hori, maji yamejaa, upepo wa wastani. Kwa hiyo tangaza Septemba au Oktoba, hoteli zinapojipanga kwa msimu wa upepo wa kaskazi. Katikati ya msimu wa kusi utaletewa bei za kukuumiza.

Ukienda stoo, piga picha ile namba ya shetri kwa karibu, umtumie tajiri wako aiandike kwenye barua. Na ukikuta palipolegea mbele ya mhimili, weka picha hapa na rula pembeni, nitakwambia kama panatibika.