Goliathi alikuwa Mgiriki? Barua kwa mwanangu

Mwanangu Neema,

Voisi yako nimeisikiliza mara mbili, ya kwanza nilikuwa jikoni sikusikia vizuri. Yaani mlivyobishana huko kwenye kikundi chenu cha Biblia hadi umenifurahisha. Mmoja kafungua Mwanzo 10:14 anasema Wafilisti, watu wa Goliathi, ni uzao wa Misri, mwingine kaja na Amosi 9:7 kwamba Mungu aliwatoa Kaftori, halafu yule kijana wa YouTube akamalizia kwamba Goliathi alikuwa Mgiriki. Ukaniuliza, mama, wewe umefundisha historia miaka yote hiyo, nani yuko sahihi?

Amosi yuko karibu zaidi. Kaftori wasomi wengi wanasema ni Krete, kile kisiwa kikubwa kusini mwa Ugiriki, na Wamisri wa kale walikuwa na jina linalofanana, Keftiu, kwa watu wa upande huo. Ule mstari wa Mwanzo una utata wake, wapo wataalamu wanaoona maneno "walikotoka Wafilisti" yalihama mahali pake wakati wa kunakili, kwamba yalitakiwa yafuate jina la Kaftori. Lakini tuache mistari kidogo, wewe umeuliza kama kuna ushahidi wa kuchimbuliwa ardhini, na upo, tena mwingi kuliko watu wanavyodhani.

Anza na Misri. Ukutani mwa hekalu la Farao Ramesesi wa Tatu pale Medinet Habu, ng'ambo ya mto Nile ukiwa Luxor, kuna picha za vita na maandishi ya mwaka wa 8 wa utawala wake, kama 1175 KK hivi. Anajisifu kuwapiga watu waliotoka baharini, na mmojawapo wa makabila anayoyataja ni Peleset, ambao ndio Wafilisti wetu. Wamechorwa na kofia zinazosimama kama manyoya kichwani, merikebu zao zina vichwa vya ndege mbele na nyuma, ila mimi kinachonivutia zaidi ni yale magari ya kukokotwa na ng'ombe, ndani wamekaa wanawake na watoto. Sasa nani anaenda vitani na watoto? Hao walikuwa wanahama. Na zama zile kila kitu kilikuwa kinabomoka, majumba ya kifalme ya Ugiriki yameungua, milki ya Wahiti kwenye Uturuki ya leo imeanguka, mji wa Ugarit kule Siria umeteketea.

Ila mfalme anayejisifu ukutani usimwamini kila kitu, twende kwenye takataka za jikoni, huko watu hawadanganyi. Miji ya Wafilisti unaijua, Gaza, Ashkeloni, Ashdodi, Ekroni na Gathi. Wachimbaji walipofika kwenye tabaka la baada ya 1200 KK kidogo wakakuta vyombo vya udongo vya mtindo wa Kigiriki, mabakuli na magudulia yenye michoro ya mizunguko, baadaye wakaanza kuchora kwa rangi mbili, nyeusi na nyekundu, na yule ndege wao aliyegeuza shingo anaangalia nyuma. Mtu atasema si waliagiza tu kwa meli kama sisi tunavyonunua sahani za China. Hapana, udongo ulipopimwa maabara ukaonekana ni wa hapohapo Kanaani, nchi waliyofikia, maana yake mfinyanzi mwenyewe alikuwepo pale, au alifundishwa na aliyekuja.

Na kuna kitu kinanishawishi kuliko hata hayo mabakuli, ni vibonge vya udongo. Ashkeloni walipata zaidi ya 150, vya udongo usiochomwa hata motoni, virefu kidogo vimebanwa katikati, vimelala sakafuni kwa mstari kama vilivyodondoka kutoka kwenye mtambo wa kufumia nguo. Kazi yake ni kuvuta nyuzi chini zisilegee. Wakanaani walikuwa na vyao vya umbo lingine, vimetobolewa tundu, lakini hivi visivyo na tundu ndivyo vinavyookotwa Ugiriki, Krete na Saiprasi. Hebu fikiria, nani atapakia tope bichi melini aende kuliuza ng'ambo? Hiyo siyo bidhaa, hiyo ni mama mtu amefika ugenini, anakanda udongo wa hapo kwa namna aliyomwona mama yake akifanya. Kama wewe hapo Dodoma unavyozunguka soko zima kutafuta ndizi za mtori wakati ugali umejaa.

Jikoni ni hivyohivyo. Mkanaani alipikia chungu cha mdomo mpana, Mfilisti alipenda kijagi chenye mkono kinachowekwa pembeni ya moto, ndiyo maana masizi yako upande mmoja tu. Ndani ya nyumba wakajenga meko ya duara iliyosakafiwa kwa kokoto. Na kitimoto! Ekroni na Ashkeloni mifupa ya nguruwe imejaa, wakati vijiji vya milimani kwa Waisraeli ni adimu kabisa. Mwaka 2013 vinasaba vya nguruwe wa kale wa nchi ile vilipimwa, wengi wa Zama za Chuma wakaonekana asili yao ni Ulaya. Ila hapo usibebe yote, vijijini kwa Wafilisti wenyewe nguruwe hawakuwa wengi kama mjini, kwa hiyo mfupa wa nguruwe peke yake siyo kitambulisho cha mtu.

Halafu mwaka 2019 ikaja DNA ya watu wenyewe, kutoka Ashkeloni. Kazi ilikuwa ngumu maana joto la pwani linaharibu vinasaba, walijaribu sampuli 108 wakafanikiwa kwa watu 10 tu. Kati ya hao walikuwemo vichanga wanne waliozikwa chini ya sakafu za nyumba, mwanzoni kabisa mwa makazi ya Wafilisti, na damu yao ilikuwa na sehemu inayotoka upande wa kusini mwa Ulaya, ambayo waliozikwa pale karne za kabla hawakuwa nayo kiasi hicho. Vichanga mwanangu, wamezaliwa palepale, siyo wanajeshi wapita njia. Kinachonishangaza zaidi ni kwamba watu wa karne mbili hivi baadaye ile sehemu ya Ulaya karibu haionekani tena. Walioana na wenyeji ikayeyuka.

Kwa hiyo usiende kuwaambia wenzako kwamba ni Wagiriki, kwisha. Aren Maeir, aliyeongoza uchimbaji wa Gathi tangu 1996, anasisitiza kwamba walikuwa mchanganyiko tangu mwanzo, wengine wa visiwa vya Ugiriki, wengine Saiprasi, wengine pwani ya Uturuki ya leo, na Wakanaani wenyeji humohumo. Mimi nakubaliana naye. Hata lugha waliiacha, mwaka 1996 huko Ekroni lilipatikana jiwe la hekalu lenye mistari mitano, la karne ya 7 KK, mfalme anasema amemjengea nyumba mungu wake wa kike, na ameandika kwa lugha ya Kikanaani kabisa, ila jina lake ni Ikausu, lile lile la Akishi, mfalme wa Gathi aliyemhifadhi Daudi, na wengi wanaliona lina asili ya Kigiriki. Yaani miaka 500 imepita, jina bado wanalo.

Sasa huyo Goliathi wenu. Gathi mwaka 2005 walipata kigae kimeandikwa majina mawili ambayo si ya Kisemiti, yaani si ya jamii ya lugha za Kikanaani na Kiebrania, yanakaribiana kidogo na Goliathi, magazeti yakapiga kelele kwamba kapatikana. Hajapatikana, ni majina tu ya watu wengine wa mji huohuo. Ila mwambie kijana wa YouTube amekosea kidogo tu, bibi mzaa babu yake Goliathi huenda alishuka melini na vibonge vyake vya udongo akilini mwake, lakini Goliathi mwenyewe ni mtoto wa Gathi, kazaliwa Gathi, na hata matusi aliyomtukana Daudi bila shaka alitukana Kikanaani, la sivyo Daudi asingemwelewa.

Mamako