Kwenye kugawana mgeni, kwenye kuchanga mwana

Mhariri, swali lenu la wiki iliyopita lilikuwa hili: "Ni kipi kimekufanya uwe wewe: damu, jamii iliyokulea, au maamuzi yako mwenyewe?" Nililisoma nikiwa kwenye daladala, nikalijibu palepale kichwani: maamuzi yangu. Nikafunga simu. Kituo cha mbele nikaifungua tena, maana nilihisi nimedanganya ila sikujua ni wapi.

Niseme asili yangu kwanza. Baba yangu Mluguru, mama yangu Mchagga. Msomaji mwenye haraka atasema basi una makabila mawili, bahati yako. Hebu kaa uhesabu. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Ukoo, ambao wao wanauita lukolo, unapita kwa mwanamke. Kwa Wachagga mtoto ni wa baba, na kihamba, yaani shamba la ukoo, kinakwenda kwa watoto wa kiume. Kwa hiyo kwa baba naambiwa ni wa mama, kwa mama naambiwa ni wa baba. Ingekuwa baba ndiye Mchagga na mama ndiye Mluguru, ningegombaniwa pande zote mbili. Wazazi wangu walipendana kwa upande usiofaa.

Utotoni hili halikunisumbua. Shule ya bweni ilikuwa na watoto wa kila mkoa, na kabila likitajwa ilikuwa kwa ajili ya utani tu. Mpare mmoja alinitania wiki nzima kwa sababu ya mama, maana Wapare na Wachagga ni watani, mpaka aliposikia baba ni Mluguru. Akasita. "Sasa wewe nakutania kwa lipi?" Hapo nikajua hata utani unataka mtu mwenye kwao. Lakini tulicheka, tukaenda kucheza mpira. Na nchi yenyewe haikuniuliza. Sensa ya mwisho kuandika makabila ilikuwa ya 1967, na karani aliyekuja kwangu 2022 aliuliza mpaka choo chetu ni cha aina gani, kabila hakuligusa. Nikajiona Mtanzania kamili, asiyedaiwa na mtu. Nilikuwa nikilisema hilo kwa majivuno kidogo, nakiri.

Kisha baba akafariki. Nilikuwa na miaka 31.

Tulimpeleka kwao, milimani Uluguru. Jeneza nilinunua mimi, Coaster mbili nilikodi mimi, na kile kilima cha mwisho ambacho gari halifiki nilikipanda nimeshika jeneza upande wa kichwani, viatu vyangu vya mjini vikiteleza kwenye udongo mwekundu. Siku ya kuanua tanga daftari la michango lilisomwa uani. Jina langu lilikuwa la kwanza, watu wakaguna kwa heshima. Daftari likafungwa. Mzee wa ukoo akakohoa, akasema sasa wenye ukoo tubaki, tuna neno. Mimi nikajisogeza mbele nisikie vizuri. Akanitazama, kwa upole kabisa, akasema: "Mwanetu, ungepumzika pale nje kidogo na wageni."

Mwanetu. Na wageni. Katika sentensi moja.

Nikaenda kukaa kwenye benchi na dereva wa Coaster. Alikuwa amevua viatu anavikwangua tope kwa kijiti, taratibu, kama mtu anayemenya kitu. Akaniuliza, kikao kimeisha? Nikasema bado. "Wewe si ndiye mtoto wa marehemu?" Ndiye. Akakwangua kidogo, akanitazama, akanipa kile kijiti. Nikavua vya kwangu nikaanza kukwangua. Saa nzima. Nadhani sijawahi kusafisha viatu vizuri namna ile, hata kwenye mishono niliingia. Ukungu ulishuka mpaka mlango wa nyumba tukawa hatuuoni, tunasikia sauti tu.

Walipotoka, binamu yangu, mtoto wa shangazi, alikuwa amevaa pama ya baba. Ile ya kahawia. Ilikuwa kubwa kwake, imekalia masikio. Shamba sikulitaka, baba mwenyewe alinieleza mapema kwamba ardhi ile ni ya ukoo, nisije nikashangaa. Lakini ile pama nilikuwa naijua kwa ndani. Kwenye ule mkanda wa ndani baba alikuwa akichomeka nauli ya kurudi, noti imekunjwa mara nne, ili asije akaitumia. Binamu alinikwepa macho. Akasema, "Kaka, nimeambiwa nivae." Sikumjibu. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nafikiria kama ile noti bado imo.

Rafiki yangu wakili aliniambia kwamba 1963 serikali iliandika mila za urithi za makabila yanayofuata ukoo wa baba, na kwamba za wanaofuata ukoo wa mama hazikuwekwa kwenye tangazo lile. Sawa. Lakini nani anapeleka pama mahakamani?

Hadi hapo, Mhariri, nilikuwa nataka kuandika kwamba damu ni uongo na mila zinatupa watu nje kama makapi. Nilishaandika kabisa, nimefuta. Nimefuta kwa sababu nimekumbuka simu iliyokuja miezi minane baadaye. Shangazi. Bila salamu ndefu: "Mwanangu, tunajengea makaburi. Watoto wote elfu hamsini." Nikaona hapa ndipo pa kumalizia hasira zangu. Nikamwambia, shangazi, mimi si mgeni? Kikapita kimya, nikadhani mtandao umekata. Kisha akasema, "Mgeni wa nani?" Na kabla sijajibu: "Tuma kwa namba hiihii. Weka na ya kutolea."

Nilituma. Na ya kutolea niliweka. Nililalamika kwa mke wangu jioni nzima kwamba kwenye kugawana mimi mgeni, kwenye kuchanga mimi mwana. Akanisikiliza, akasema, "Mbona unalalamika huku unacheka?" Yeye ni Mmakua, ukoo wao pia unafuata mama, kwa hiyo wanangu hawana shida yangu. Mama yake alipokuja kumwona wa kwanza alimnyanyua tu akasema huyu wetu. Nilifurahi. Niliona na wivu pia, wa mtu mzima kumwonea mtoto wa siku nne.

Kwa hiyo mnaniuliza nini kimenifanya niwe mimi. Sijui kama ni swali langu. Mimi nimejikuta najiuliza nani ananidai, maana upande wa mama hawanidai kitu. Wananikaribisha vizuri mno, kama mtu wa kupita. Upande ulionitoa nje ndio unaonipigia simu. Pengine kwa mwingine ni tofauti, na wapo waliotolewa nje wasipigiwe tena, hao wasije wakasoma hapa wakadhani nawaambia wavumilie. Kikao kile kilinionea, hilo sijalibadilisha. Basi wekeni vema kwenye "maamuzi yako mwenyewe", kama nilivyosema kwenye daladala. Nilituma ile elfu hamsini bila kulazimishwa na mtu. Ila aliyeamua, nikisema kweli, alikuwa shangazi.

Ijumaa amepiga tena. Upepo umeezua bati la jikoni kwake. Nimemwambia nitatuma mwisho wa mwezi. Amesema mvua haijui mwisho wa mwezi.