Uliza Tukujibu: Shilingi ukivuka nayo, ng'ambo utapata nini?

Malipo ya korosho yakianza kuingia benki, barua za safari nazo huongezeka. Huyu anavuka Ruvuma kibiashara, yule anampeleka mgonjwa India, mwingine kashajiandikisha Umra. Wote wanauliza namna ya kupata fedha ya huko bila kukatwa njia nzima. Viwango tulivyotumia kwenye hesabu ni vya mfano tu. Cha siku kitazame kwenye tovuti ya Benki Kuu na ubaoni mwa benki yako.

Shikamooni. Natoka Masasi, navuka Daraja la Umoja pale Mtambaswala kwenda Msumbiji kuuza bidhaa za dukani. Vijana wa mpakani wanabadili shilingi kwa metikali, fedha ya huko, papo hapo, wala hakuna foleni. Wenzangu wanasema nibebe dola. Nafuu iko wapi?
*Mfanyabiashara, Masasi*

Marahaba. Piga hesabu ukiwa bado Masasi, maana ukishafika mpakani na mizigo ndani ya gari, hesabu utapigiwa.

Tuseme benki inakuuzia dola kwa shilingi 2,550, na benki ya ng'ambo inainunua kwa metikali 63. Gawa 2,550 kwa 63, utapata kama shilingi 40 na nusu. Hiyo ndiyo bei ya metikali moja kwa njia ya dola. Sasa kijana akikutajia shilingi 45, laki tano yako inatoka metikali 11,111, wakati kwa njia ya dola ingetoka zaidi ya 12,300. Umeacha pale mtoni karibu shilingi 50,000. Akikutajia 40 au chini yake, amewashinda benki, na hutokea hasa siku ambayo waliovuka kuja huku ni wengi na wanatafuta shilingi.

Wengi hunaswa kwenye namna bei inavyotajwa. Mmoja atasema "metikali moja kwa shilingi kadhaa", mwingine "elfu moja yako kwa metikali kadhaa", na ukichanganya hizo mbili umeliwa. Wote waulize swali moja: elfu kumi yangu inatoka metikali ngapi? Kwa mfano wetu, njia ya dola inatoa 247 na yule wa 45 anatoa 222.

Jingine ni kuhesabu. Noti zihesabu wewe, na uwe wa mwisho kuzishika. Akikwambia "lete nihakikishe", akazirudia na kukurudishia bunda, hilo ni bunda jipya: lihesabu upya, noti moja moja, zikiwa zimekunjuliwa, maana iliyokunjwa katikati huhesabika mara mbili. Tazama na tarakimu. Msumbiji waliondoa sifuri tatu kwenye fedha yao mwaka 2006, na noti za leo zinaanzia 20 na kuishia 1,000. Ukipewa noti ya 50,000 au 500,000 usidhani umetajirika, hiyo haina kazi tena. Mwaka 2024 zilitoka noti za sura mpya, kwa hiyo ukikuta 200 mbili zisizofanana usigombe kabla ya kuuliza.

Zaidi ya hapo, kubadili fedha bila leseni ni kosa kisheria, na kwa mtu wa mtoni hakuna risiti wala pa kurudi kulalamika. Ushauri wetu: metikali za nauli na chakula cha siku ya kwanza ziwe ndogo kiasi kwamba hata ukipunjwa hutalia. Mtaji ubebe kwa dola safi, na kadi iwe akiba. Dola kabadili benki au kwenye duka lililoandikwa *Câmbio*. Ubaoni, safu ya *compra* ni bei wanayonunulia dola yako, na *venda* ni wanayokuuzia. Kwenye mashine ya kutolea fedha, kutoa ni *levantamento*. Usiitegemee mashine moja, hasa mwisho wa mwezi, kwani hukauka. Na kwa hali ya usalama ya Cabo Delgado, jimbo la Msumbiji la ng'ambo ya mto, waulize kwanza uhamiaji wa mpakani kuhusu njia ya siku hiyo kabla hujabeba fedha nyingi mwilini.

Mwanangu amepewa rufaa ya matibabu India. Je, ninunue rupia hukuhuku Mtwara? Nina pia noti za rupia 500 na 1,000 alizoniachia kaka yangu aliyetibiwa huko mwaka 2015.
*Mama wa mgonjwa, Newala*

Pole na kuuguza, mama. Tuanze na za kaka: hazifai tena. Serikali ya India ilizifuta noti za 500 na 1,000 za wakati ule usiku wa tarehe 8 Novemba 2016. Noti za 500 zilizopo sasa ni toleo jingine kabisa. Hata ya 2,000 iliyokuja baadaye ilianza kuondolewa kwenye mzunguko Mei 2023, kwa hiyo mtu akikuuzia rupia za "akiba ya ndugu", mshukuru na umuache nazo.

Rupia usihangaike kuzitafuta huku. Ni fedha inayobanwa kutoka na kuingia India, na utakazozipata mitaani hujui ni toleo gani. Gawa fedha yako mafungu mawili.

Fungu kubwa, la hospitali, lisisafiri mfukoni mwako. Omba hospitali ikutumie ankara yenye jina la mgonjwa kama lilivyo kwenye pasipoti, namba ya mgonjwa, jina la akaunti, namba yake na namba ya SWIFT, inayoitambulisha benki yao kimataifa. Peleka benki yako, watume kwa TT, yaani benki kwa benki. Fanya hivyo siku kadhaa kabla ya kuondoka, na usiondoke bila nakala ya uthibitisho wa kutuma. Kinachochelewesha mara nyingi ni jina: akaunti inasema hivi, fomu inasema vile, fedha zinarudi au zinaganda kwenye benki ya katikati na makato juu. Uliza vilevile makato ya benki ya katikati atayabeba nani. Ukisahau hilo, hospitali itapokea pungufu na utadaiwa tofauti wakati mtoto yuko kitandani.

Fungu dogo, la chumba, chakula na teksi, libebe kwa dola. Benki nyingi zitakuomba pasipoti na tiketi kabla ya kukuuzia, na tawi la mkoani halina dola taslimu kila siku. Piga simu mapema, usifike Ijumaa jioni na ndege ni Jumamosi. Ukibeba noti za kigeni zinazozidi dola 5,000, ukifika uwanja wa India lazima ujaze fomu ya tamko la fedha kwa forodha. Na huku kwetu ukitoka na dola 10,000 au zaidi, au fedha nyingine yenye thamani hiyo, unatamka pia. Kutamka si kutozwa, mama. Anayepata shida ni aliyenyamaza.

Uwanja wa ndege badili za teksi na chakula tu, bei za pale si rafiki. Nyingine badili mjini kwenye duka lenye leseni, uwe na pasipoti mkononi, na udai hati ya kubadilishia. Karatasi hiyo itunze pamoja na pasipoti: bila hiyo, rupia zitakazobaki ni kazi kuzirudisha kuwa dola siku ya kuondoka.

Nilinunua dola kwa mtu, nikazipeleka duka la fedha wakazikataa mbili na nyingine wakanipa bei ya chini. Dola si dola?
*Kijana, Lindi mjini*

Kwa Marekani yenyewe dola ni dola, noti zake za zamani hazijafutwa. Duka la fedha lina shida nyingine: nalo linapaswa kuziuza au kuzisafirisha, na mteja wake anataka mpya. Kwa hiyo noti zenye kichwa kidogo, za kabla ya 1996, hukataliwa sana au hupunguzwa bei. Ya 100 inayopokelewa bila maneno ni ile yenye utepe wa buluu uliofumwa ndani ya karatasi, iliyoanza kutoka Oktoba 2013. Igeuze geuze kidogo, picha zilizo ndani ya utepe zitaonekana zikisogea. Mchoro wa kalamu, muhuri, mpasuko wa sentimita moja, doa la mafuta, vyote ni sababu ya kukataliwa. Na noti za 1, 5, 10 na 20 kwa kawaida hununuliwa kwa bei ya chini kuliko za 50 na 100, mbao nyingi za bei huliandika hilo wazi.

Mwaka wa noti utazame kabla ya kulipa, si baada. Zibebe zimenyooka ndani ya bahasha ngumu, maana zikikaa kwenye pochi ya kiunoni wiki nzima na jasho letu la pwani hutazitambua.

Nikiwa Johannesburg, mashine iliniuliza kama nataka nikatwe kwa shilingi au kwa randi. Nikachagua shilingi kwa kuwa naielewa. Nilikosea?
*Fundi, Nachingwea*

Ulijigharimu, kaka. Ukichagua shilingi, anayepanga bei ya kubadili ni mwenye mashine, si benki yako, na hujiwekea faida nono juu ya kiwango cha soko. Chagua randi. Ukiwa India chagua rupia, Msumbiji metikali. Kifaa cha dukani nacho huuliza hivyohivyo, tena pengine muuzaji anakubonyezea mwenyewe, kwa hiyo soma karatasi kabla ya kuweka namba ya siri.

Hata hivyo makato hayaishi. Kuna ada ya benki yako kwa kutoa nje, na pengine ada ya mwenye mashine, zote kwa kila muamala. Ndiyo maana kutoa mara moja kiasi cha kutosha siku nne ni nafuu kuliko kutoa kidogo kidogo kila jioni. Kabla ya kuondoka hakikisha benki imefungua kadi itumike nje ya nchi, na uliza ukomo wa kutoa kwa siku. Mashine ikikata akaunti bila kutoa fedha, tunza risiti, andika saa na mahali ilipo, wajulishe benki yako siku hiyohiyo. Usirudie kujaribu mara tatu.

Riyali za Saudia ninunue Dar au Makka?
*Hujaji mtarajiwa, Kilwa Kivinje*

Beba dola, badili huko. Riyali imefungwa kwenye dola tangu 1986: dola 1 ni riyali 3.75. Ukibadili dola 100 ukapewa 370 umetendewa haki, ukipewa 350 ondoka, duka lingine haliko mbali. Waendao Dubai wapime kwa dirhamu 3.67.

M-Pesa ipo Msumbiji pia. Naweza kuweka fedha Mtwara nikatoe Pemba ya huko kwa wakala?
*Mvuvi, Msimbati*

Jina ni moja, mtandao wa fedha si mmoja. Wakala wa Pemba anahudumia namba za Msumbiji, na salio lako la Tanzania halisomi kwenye simu yake. Kadi ya mtandaoni ya kwenye simu nayo ni ya kulipia mitandaoni, haiingii kwenye mashine. Kama una mtu wako Pemba mwenye namba ya huko, uliza kwanza kwenye menyu ya simu yako kama Msumbiji imo kwenye orodha ya nchi za kutuma, na usome kiwango kinachoonyeshwa kabla ya kuthibitisha. Kama haimo, rudi kwenye dola na kadi.