Skuta ya zamani ikichemsha baada ya kushusha injini, tafuta hewa kwanza

Injini ya Vespa PX 150 yangu ilikaa mezani miezi mitatu. Silinda ilichongwa, nikaweka pistoni ya saizi mpya, ringi, beringi na sili (raba za duara zinazozuia hewa na oili kupita kandokando ya kranki shafti), vyote vipya. Siku nilipoitoa ilikwenda vizuri kilomita 12, halafu ikaanza kupoteza nguvu kidogo kidogo. Nikasikia mlio kama kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo, na kabla sijavuta klachi, gurudumu la nyuma likakaza. Baada ya nusu saa, injini ilipopoa, niliipiga kiki ikawaka kama vile hakuna kilichotokea. Hapo ndipo wengi tunaponaswa: ikiwaka tena tunadhani imepona.

Nilidhani petroli haitoshi, nikaongeza saizi ya jeti kuu, kile kitundu cha kabureta kinachopima petroli. Ikapoa kidogo, ila ikawa inatoa moshi na kumisi kwenye mwendo mdogo. Injini hii inalainishwa na oili inayochanganywa na petroli, nami nikaiongeza kuliko ile asilimia 2 iliyoandikwa, nikiamini utelezi zaidi utapunguza joto. Kumbe oili inachukua nafasi ya petroli ndani ya jeti ileile, kwa hiyo kila unapoiongeza mchanganyiko unazidi kuwa mkavu, yaani hewa nyingi petroli kidogo. Usifanye hivyo, tafadhali.

Dalili ya kweli nilikuwa naisikia kila siku bila kuitilia maanani. Nikiachia resi, injini haikushuka mara moja. Ilibaki juu ikivuma sekunde mbili tatu ndipo itulie. Injini ya namna hiyo karibu kila mara inavuta hewa mahali pasipostahili, hewa ambayo haikupita kwenye kabureta na kwa hiyo haikubeba petroli. Inaungua kwa joto kali, na sehemu ya juu ya pistoni ndiyo inayoumia.

Plagi itakuthibitishia. Weka mpya, nenda barabara iliyo wazi, vuta resi yote kwa muda mfupi, kisha vuta klachi na uzime injini papo hapo kabla haijarudi mwendo wa chini. Ifungue uitazame. Kahawia ni salama. Nyeupe kama chokaa, simama hapo, usiendelee kuiendesha. Hakikisha pia plagi ni ya joto linalotakiwa, na usichanganye namba za watengenezaji: kwa NGK namba kubwa ni plagi baridi zaidi, yaani inayotoa joto haraka, kwa Bosch ni kinyume chake.

Kipimo kilichonipa jibu ni cha kujaza hewa. Toa ekzosi na kabureta, ziba matundu yote mawili kwa vipande vya raba na bati vilivyokazwa kwa boliti. Shusha pistoni hadi chini kabisa ili silinda na chumba cha kranki kilicho chini yake viwe kitu kimoja, halafu pitisha hewa kwenye tundu la plagi. Mimi nilitumia kile kipira cha kubonyeza cha mashine ya kupimia shinikizo la damu, kwa sababu saa yake inafika milimita 300 za zebaki, karibu bar 0.4, na zaidi ya hapo huhitaji. Mshale unatakiwa ukae dakika kadhaa. Wangu ulirudi sifuri kabla sijahesabu hadi ishirini.

Nikapaka maji ya sabuni kwenye kila kiungo: kitako cha silinda hakikutoa povu, kichwa pia. Nilipotoa flaiwili, lile gurudumu zito la mwisho wa kranki shafti, povu dogo likawa linapumua pembeni mwa kranki shafti. Nikaichomoa sili na kuitazama chini ya taa. Mdomo wake ulikuwa na mkato mfupi kuliko punje ya mchele. Niliikata mwenyewe nikiipitisha kavu juu ya ukingo mkali wa mfereji wa kii, kile kipande cha chuma kinachoshikilia flaiwili kwenye kranki shafti. Siku hizi nafunika mfereji huo kwa utepe mwembamba na kupaka oili mdomo wa sili kabla ya kuisukuma. Sili ya upande wa klachi ikivuja ni rahisi zaidi kuigundua, maana injini inanyonya oili ya giaboksi na moshi mweupe hauishi.

Hewa ikiwa salama, ndipo uende kwenye mengine. Pima taimingi, yaani wakati plagi inapotoa cheche, kwa taa yake: PX 150 yenye mfumo wa moto wa kielektroniki inataka nyuzi 18 za mzunguko wa kranki kabla ya pistoni kufika juu, PX 200 inataka 23, na kutumia ya moja kwenye nyingine ni kuunguza pistoni. Kagua kava la feni, kwani skuta hizi zinapozwa na feni iliyo kwenye flaiwili, na kava lisipokaa sawasawa upepo haupiti kwenye mapezi ya silinda. Na kwenye mteremko mrefu usifunge resi kabisa. Oili inaingia pamoja na petroli, ukifunga unainyima pistoni utelezi ikiwa bado ya moto.

Niliweka sili nyingine, mshale ukasimama dakika sita bila kutikisika. Nikarudisha jeti ya kiwandani na oili ya asilimia 2. Jioni hiyo niliachia resi, injini ikashuka palepale, ikatulia.